Rweya Ilivyokosa Kazi

Sisi tuliozaliwa Nshambya kabla mji wa Bukoba haujatufikia tuliigawa dunia mafungu mawili: kibanja na rweya. Kibanja ni pale penye migomba na mibuni, na juu yake mishambya na mihumula, kivuli kikikaa juu ya kivuli, nyumba ikiwa imejificha humo hata mgeni akapiga hodi mara tatu kabla hajaiona. Rweya ilianza pale migomba ilipokoma. Huko palikuwa na nyasi, jua na upepo, na ukipanda juu ya kilima uliliona ziwa lote. Hapakuwa na uzio kati ya pande hizo mbili. Mguu wenyewe uliujua mpaka, kwa kuwa ulitoka kwenye udongo laini wenye ubaridi ukakanyaga changarawe.

Mwambie kijana wa leo wa Nshambya akuonyeshe rweya, atakuonyesha paa la jirani. Hakosei. Zilipokuwa nyasi pana nyumba za tofali, fremu za maduka, kijiwe cha bodaboda na nguzo za umeme, na Nshambya yenyewe ni kata ndani ya Manispaa ya Bukoba. Ukitaka kuiona rweya ya zamani, ile pana inayomfanya mtu ajione mdogo, huna budi kupanda gari uelekee Muleba, na huko nako uwahi, maana paini zimekutangulia.

Nawasikia watu wa rika langu wakisema rweya iliuawa. Mmoja atawalaumu wawekezaji, mwingine serikali, wa tatu atasema watu wamezidi. Hoja ya mwisho ina ukweli wake: sensa ya mwaka 1967 iliukuta mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, una watu wapatao laki 6 na nusu, ya mwaka 2022 ilihesabu Kagera watu 2,989,299, hata baada ya wilaya ya Chato kuhamishiwa mkoa wa Geita. Lakini mimi nimeiona rweya ikiondoka, na haikuondoka kwa pigo moja. Ilikuwa kama kibarua mwenye kazi nyingi katika nyumba moja. Tulimpunguzia kazi moja, kisha nyingine, kila mara kwa sababu nzuri, mpaka akabaki amekaa tu. Na ardhi iliyokaa tu haikosi mnunuzi.

Nizitaje kazi zenyewe, kwa sababu waliozaliwa baada ya vita vya Kagera wanadhani rweya ilikuwa malisho basi. Kulikuwa na paa. Nyumba ya msonge, ambayo nyasi zake zilishuka kutoka kileleni hadi kugusa ardhi, ilikula mizigo na mizigo, na kila baada ya miaka kadhaa ilidai mingine. Kulikuwa na sakafu. Ndani tulitandika nyasi kavu, na zilipobadilishwa kabla ya Krismasi nyumba nzima ilinukia. Zile zilizochakaa zilimwagwa kibanjani. Kulikuwa na ng'ombe, walioshinda kilimani na kulala nyumbani, na walichokula kilimani wakakiacha zizini usiku, asubuhi kikapelekwa kwenye mashina ya migomba. Kulikuwa na matandazo. Kiangazi kilipoingia, kina mama na sisi watoto tulipanda rweya na mundu, tukashuka na mizigo kichwani, tukaitandaza chini ya migomba ili jua lisiukaushe udongo na mvua isiuchukue. Na kulikuwa na msiri.

Hapa kwenye msiri nitakaa kidogo, kwa sababu ndio uliosahaulika kuliko vyote. Kibanja kilikuwa cha mwanamume na ukoo wake. Mwanamke alikilima, alikipalilia, alikibebea samadi, na mume akifa angeweza kuambiwa aondoke. Kule rweya mwanamke alijichagulia kipande, akageuza nyasi na mizizi yake, akavichoma katika vichuguu vidogo, akapanda njugu mawe. Msimu uliofuata labda mihogo au viazi, kisha akakiacha kipande kipumzike miaka kadhaa na kuhamia kingine. Hakuna aliyemwuliza hati. Mavuno ya msiri yalikuwa yake, naye ndiye aliyeamua yapi yapikwe na yapi yauzwe. Daftari zangu za darasa la kwanza zilitoka kwenye njugu za bibi yangu wa Kamachumu. Kahawa ya babu ilikuwa na shughuli nyingine, nazo nyingi zilikuwa kwenye vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Wageni wanaokuja kwa barabara ya Muleba, wakiona migomba iliyoshonana pande zote, husema Wahaya tulipewa udongo mzuri. Hatukupewa. Bukoba mjini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya kiasi hicho huosha rutuba na kuishusha isikofikiwa na mizizi. Udongo wa kibanja na ule wa rweya kwa asili ni mmoja. Kilichovitenga ni vichwa vya wanawake na migongo ya ng'ombe, vilivyohamisha nyasi na samadi kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa vizazi na vizazi. Ndiyo maana wazee hawakusema "nimenunua kibanja" kama tunavyosema sisi, bali walisema fulani amekitengeneza. Na kibanja kisipolishwa hurudi nyuma. Migomba huwa myembamba, mikungu midogo, kisha mwenyewe anapanda mihogo na mahindi, na hapo kinaitwa kikamba. Vikamba nimeviona vikiongezeka tangu nikiwa kijana.

Sasa tuone jinsi kazi zilivyomtoka kibarua.

Paa lilikuwa la kwanza. Chama kikuu cha ushirika wa kahawa Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, na bei ya kahawa katika miaka ya mwanzo ya muongo ule ilikuwa nzuri. Watu wakanunua bati. Sitaki kumsikia mtu ambaye hajawahi kulala chini ya nyasi zinazovuja akisifu msonge mbele yangu. Bati lilikuwa neema. Mvua ya Bukoba juu ya bati humlaza mtu hata akiwa na madeni. Babu alipoezeka nyumba yake ya bati, majirani walikuja kuiangalia kama waliokuja kumtazama bibi harusi, na bibi akapumzika na mizigo ya nyasi za paa. Hakuna aliyesema siku ile kwamba rweya imepoteza mteja wake mkubwa.

Saruji ikaja ikachukua sakafu. Nayo niitetee: nyasi za sakafuni zilifuga viroboto na funza, na mtoto mwenye funza haendi shule akicheka.

Ng'ombe waliondoka kwa njia nyingi. Wahaya hatukuwa wafugaji wakubwa, na sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeshatufilisi mara moja. Waliobaki walichungwa na watoto, na mwaka 1977 nchi ilipoamua kila mtoto aende shule ya msingi, wachungaji wote wakaingia darasani. Nani angelipinga hilo? Baba alimuuza ng'ombe wetu wa mwisho ili kaka yangu aende sekondari, na kaka akawa mwalimu, hivyo hesabu ilikaa sawa. Mwaka uliofuata, 1978, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakalipua daraja la Kyaka, na huko Missenyi ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda kwa makundi. Vita vilipokwisha mkoa ukapewa jina jipya, la mto Kagera, na mazizi mengi hayakujaa tena.

Kisha mikono. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu. Sisi tuliuita Juliana, kwa jina la fulana zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, maana waliozileta ndio walioanza kukonda. Nisingependa kuyarudia ya miaka ile. Nitasema tu kwamba kazi ya kupanda kilimani na kushuka na mzigo wa nyasi ni kazi ya mtu mwenye nguvu, na wenye nguvu ndio tuliowazika. Walibaki bibi na wajukuu. Bibi mwenye wajukuu sita hatandazi nyasi. Anapanda mihogo karibu na mlango na kumshukuru Mungu. Vibanja vingi vilivyogeuka vikamba katika miaka ile havikufa kwa ugonjwa wa migomba.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1990, rweya ilikuwa imebakiwa na msiri, na senene, wadudu wa kuliwa wanaotua na kutaga kwenye nyasi zake. Na wanaofaidika na msiri hawakai kwenye vikao vya ardhi.

Niongeze hapa jambo la utawala, kwa kuwa lina uzito. Zamani rweya ilikuwa chini ya Mukama, yaani chifu, na kwa niaba yake wakuu wake, bakungu, waliigawa au waliinyima. Haukuwa utawala wa malaika. Mfumo wa nyarubanja ulimfanya mtu awe mpangaji juu ya shamba alilozaliwa, na serikali ya uhuru ilifanya vyema kuufuta. Machifu waliondolewa mwaka 1963. Lakini pamoja nao iliondoka sauti iliyoweza kusema "hapa hapajengwi, hapa ni pa wote." Serikali za vijiji zilizokuja zilitazama kilima cha nyasi na kuona eneo tupu. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye mihtasari: eneo tupu, pori, ardhi isiyotumika. Akija mtu na barua ya kuomba ekari tano za kupanda miti, utamnyimaje? Kupanda miti ni kuhifadhi mazingira. Wimbo huo tuliufundishwa wote.

Mikaratusi ilitangulia, paini zikafuata. Leo ukipita maeneo mengi ya Muleba utaona vilima vilivyovaa kijani kibichi cha aina moja kutoka chini hadi juu, na mgeni atapiga picha. Chini ya paini hakuoti kitu. Sindano zake zimetanda, na mwanamke mwenye jembe hana la kufanya pale. Mikaratusi ilipandwa hata kwenye mabonde na karibu na chemchemi, kwa kuwa hukua haraka na hutoa nguzo, ikanywa maji yaliyokuwa yakitoka mwaka mzima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazodhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60. Mita 60, kwa mtu aliyepanda miti yake tangu mwaka 1995, ni ada ya watoto. Nawaelewa. Mbao za paini zimejenga nyumba na kusomesha watu, nami nina kabati la paini nyumbani, halina kosa.

Ila tuseme ukweli kuhusu nani alipanda. Aliyepanda ni mwenye fedha ya miche na uwezo wa kungoja miaka 15: mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa mjini, mtoto wa kijiji anayeishi Dar es Salaam na huja Desemba. Aliyeondoka ni mwenye jembe aliyehitaji njugu mawe mwezi wa sita. Hakufukuzwa na mtu. Alifika asubuhi moja akakuta miche imechomekwa kwenye kipande alichokipumzisha, na hakuwa na karatasi ya kumwonyesha yeyote.

Nshambya yetu haikungoja paini. Viwanja vilikuwa na bei zaidi ya miti. Rweya iliyotutenga na mji ilipimwa sehemu, na sehemu nyingine ikauzwa kabla ya kupimwa, baba kwa mwana, shangazi kwa mgeni, hatua kwa hatua, mpaka njia ya kwenda kisimani ikawa uchochoro kati ya kuta mbili. Halafu tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ikatikisika kwa ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walifariki mkoani, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato, walikosoma wakubwa wa nchi, zikabomoka hata ikabidi zijengwe upya. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali za udongo zilizojengwa kwa haraka, nyingine kwenye miteremko. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, akiwa amekaa nje kwenye godoro, aliniambia, "Mwanangu, msonge ungeyumba tu na kutulia." Alisema hivyo huku akiliangalia bati lake lililoinama, na najua kwamba alipopata fedha alilirudisha bati lile lile. Hata mimi ningefanya hivyo.

 

Kuna jambo moja linalonisumbua kila ninapotaka kuwalaumu wataalamu wa serikali kwa haya yote, nalo lilitokea Kamachumu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wang'oe migomba iliyoshambuliwa na fukusi, na wakaguzi wakapita mashambani. Watu walikataa. Ali Migeyo, kiongozi wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU, alisimama na wakulima, mkutano wa Kamachumu ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa. Babu alikuwepo, au alisema alikuwepo. Miaka ilivyokwenda idadi ya waliokuwepo Kamachumu siku ile iliongezeka. Kwake yeye kumkatia mtu mgomba ilikuwa kumwingilia nyumbani. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa Muleba. Majani yakawa njano, ndizi zikaiva kabla hazijakomaa, ukikata shina linatoa ute wa njano. Mabwana shamba wakaja tena na agizo lile lile: ng'oa, fukia, choma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Mara hii hapakuwa na mabomu ya machozi. Watu waling'oa kibanja kizima wakilia, na safari hii agizo lilikuwa sahihi. Walipochelewa watu, ugonjwa ulimaliza mpaka kwa jirani.

Kwa hiyo sitasema kwamba wa mjini hukosea na wa kijijini hupatia. Wala sitasema kwamba zamani kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, karibu na Maruku, na Kemondo, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa pwani hii ya ziwa walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, katika matanuri yaliyopulizwa hewa iliyokwisha kupashwa moto. Tulijivuna sana kwa habari hizo, na tulistahili. Lakini chuma kilitaka mkaa, mkaa ukataka miti, na Schmidt mwenyewe anaonyesha jinsi kazi ile ilivyomaliza misitu ya jirani. Basi huenda rweya ninayoililia ilianza kama jeraha la maendeleo ya watu wengine. Walikata msitu, nyasi zikachukua nafasi, na wajukuu wao wakazipa nyasi hizo kazi mpaka zikalisha migomba. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko kupotea kwa nyasi zenyewe: wao walipokuta ardhi imeharibika waliiona ina kazi ya kufanya, sisi tuliikuta inafanya kazi tukaiona tupu.

Siku hizi kilima kina mgeni mwingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingia nchini kwa mkoa wetu, upande wa Missenyi, likashuka kusini kupitia Muleba na Biharamulo. Mafuta yake ni mazito yenye nta, hivyo bomba hupashwa moto wa nyuzi 50 hivi ili yasigande njiani. Linafukiwa, na juu yake hapajengwi wala hapapandwi mti wa mizizi mirefu. Watu walioguswa walihesabiwa migomba, mibuni, nyumba na makaburi. Baadhi walilipwa wakajenga nyumba nzuri kuliko za kwanza, nimeziona. Sijawahi kukutana na mtu aliyelipwa kwa ajili ya nyasi za rweya, wala mwanamke aliyelipwa msiri uliopumzishwa. Inashangaza kidogo, kwa sababu juu ya bomba kitakachoruhusiwa kuota vizuri ni nyasi.

Na senene? Wapo. Zamani walitua rweya alfajiri, wakiwa wazito kwa umande, na kina mama na watoto waliwaokota kabla jua halijawaamsha. Leo Novemba ikifika huwashwa taa kali, mabati husimamishwa kuzunguka mapipa, wadudu hugonga bati na kuteleza ndani, na kufikia saa nne usiku mtu mmoja amekusanya walichokusanya kijiji kizima. Kisha husafirishwa. Sioni ubaya katika bati na taa; ila senene hutaga kwenye nyasi, na anayenunua taa kubwa zaidi kila mwaka hajauliza watoto wa senene watakulia wapi.

Kahawa imetuchanganya zaidi. Robusta, ambayo babu zetu waliitafuna kwa kuchemsha na majani ya dawa kabla mzungu hajaijua bei yake, ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la dunia mwaka 2024. Minada ilipofika Kagera watu wakalipwa fedha ambazo hawajawahi kuziona, na walanguzi wa butura, wanaonunua kahawa ingali maua, wakahangaika. Sasa kila mtu anataka kufufua kibanja cha baba yake. Vijana wamerudi kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wameng'oa mihogo kwenye kikamba, wamepanda mibuni. Kisha bwana shamba anawaambia: tandazeni. Wanamwuliza: tutandaze nini? Mzigo wa nyasi ambao bibi aliukata bure sasa unauzwa, unaletwa kwa pikapu kutoka mbali, na wakati mwingine gharama ya nyasi inazidi ile ya mbolea ya dukani. Mpwa wangu wa Kamachumu alinipigia simu kuniuliza kama najua mtu mwenye kilima cha nyasi. Nilimtajia wawili. Wote walikuwa wameshapanda paini.

Kwa Nshambya sina ombi, viwanja vimekwisha na watu wanaishi humo. Ombi langu ni kwa nyinyi wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Muleba na Bukoba Vijijini ambao bado mna kilima kisichovishwa miti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya pamoja, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inataka matumizi hayo yaandikwe. Msiiandike tena rweya kuwa eneo tupu. Andikeni kazi zake kwa majina: nyasi za matandazo, malisho, msiri, mazalio ya senene. Pimeni ekari, wekeni mipaka, na kipande cha msiri kiandikwe kwa majina ya wanawake wanaokilima. Fanyeni hivyo kabla barua inayofuata ya kuomba ekari tano za paini haijafika mezani, kwa sababu mwombaji atakuwa mtu mwema, mtoto wa kijiji, na mtaona aibu kumnyima.